Mke wa Mithali alinunua shamba. Wa kwetu Upareni je?



Kama unahudhuria Misa ya Jumapili kwa miaka kadhaa sasa, bila shaka umewahi kulisikia somo la mke mwema kutoka Mithali sura ya 31. Husomwa Jumapili ya 33 ya Mwaka A, mwaka wa liturujia unapoelekea ukingoni. Hurudiwa pia kwenye harusi, kwenye mazishi ya akina mama na kwenye sikukuu za WAWATA. Tunamsifu kwa kuwa ana bidii, mikono yake haitoki kwenye kazi ya kusokota, na maskini hawamwoni akiwafungia mlango. Mhubiri akifika hapo vigelegele hupigwa, na wanaume huitikia kwa vichwa.

Sasa fungua Biblia yako nyumbani uisome sura hiyo yote. Utaona kwamba somo la Misa huruka mistari kadhaa. Mmojawapo ni mstari wa 16, unaosema kwamba mwanamke huyo analitazama shamba, analinunua, kisha kwa mapato ya mikono yake anapanda mizabibu. Siwatuhumu waliopanga masomo, kwa maana masomo mengi hukatwa ili yasiwe marefu. Lakini matokeo yake ni kwamba waamini wetu wengi wanamfahamu mke mwema anayesokota, na wachache sana wamewahi kumsikia akinunua ardhi.

Huku kwetu Same jambo hilo si dogo. Panda kutoka mjini kuelekea Mbaga, Chome, Suji au Mamba, kwa wenye tangawizi, umhesabu kila unayemkuta shambani. Wengi watakuwa wanawake: anayepalilia maharage, anayeshuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anayesubiri zamu ya maji ya ndiva yaingie kwenye mfereji wake. Mwulize mmoja wao shamba hilo ni la nani. Atakutajia jina la mume, au la baba mkwe, na wakati mwingine jina la mtu aliyezikwa miaka kumi iliyopita. Jina lake mwenyewe hatalitaja, wala hataona ajabu kutolitaja.

Iko habari moja ya wazee wetu inayonisaidia kulielewa jambo hili. Ni habari ya mbiru. Vijana wengi niliowauliza hawaijui, ingawa ilitokea hapahapa Same.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Mwingereza pamoja na baraza la machifu wa Upare walianzisha kodi mpya juu ya ile ya kichwa. Kodi hiyo ilipangwa kwa viwango: mtu alikadiriwa mali yake, mashamba yake na mifugo yake, akaambiwa alipe kadiri ya alichonacho. Wakaipa jina la mbiru, ambalo ni jina la ushuru wa zamani ambao watu waliupeleka kwa watawala wao. Wapare hawakudanganywa na jina. Walilalamika kwamba makadirio hayana msingi, kwamba wanaokadiria wanapendelea, na kwamba mambo yao ya ndani yanachunguzwa na watu wasiohusika. Kuanzia Januari 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakasema hawaondoki. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Kajiru Mashambo, Mwadventista aliyewahi kuwa mwalimu. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwana wa Upare, aliyaandika mambo hayo katika kijitabu kilichotoka mwaka 1971.

Walikaa kwa miezi. Waliojua Same ya wakati huo, na hata ya leo, wanajua kwamba huku chini ni pakavu, hakuna shamba la kumlisha mtu aliyekaa barabarani. Chakula kilitoka mlimani. Na mlimani walikuwa wamebaki nani? Wanawake, watoto na wazee. Mwanamke alilima sehemu yake na sehemu ya mume, akatunza mifugo na wakwe, na bado ilimpasa kuhakikisha chakula kinashuka. Tunaposimulia mgomo ule kama jambo la wanaume waliokaa Same, tunasahau aliyewawezesha kukaa.

Kisha wanawake nao wakashuka. Mamia yao walitoka Usangi wakateremka mlima, wakafuata tambarare kwa miguu hadi Same, wakasimama mbele ya mkuu wa wilaya Mzungu. Madai yao yameandikwa na waliotafiti historia hiyo, na nawaomba radhi wasomaji wangu, kwani ni padre anayeandika na leo ni Jumapili. Walimwambia mkuu yule achague moja: amalize shauri ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape wao wote ujauzito yeye mwenyewe.

Unaweza kucheka. Nadhani hata baadhi yao walicheka wakiwa njiani. Lakini usiyachukue maneno yale kuwa utovu wa adabu. Hawa walikuwa mama watu wazima, waliolelewa katika jamii ambayo mwanamke hatamki mambo hayo mbele ya mwanaume mgeni. Waliyatamka kwa sababu hawakuwa na jambo jingine la kusimamia. Kodi haikuandikwa kwa majina yao, shamba halikuwa lao kisheria, na katika baraza hawakuwa na kiti. Kitu pekee ambacho serikali na machifu wote walikitambua kwao ni kwamba wao ni wake na ni mama. Basi wakakichukua hicho hicho wakakiweka mezani: mmewazuia waume zetu, mmezuia watoto wa nchi hii wasizaliwe, sasa mtalipaje?

Haukupita muda mrefu kodi ya mbiru ikaondolewa. Wanaume wakarudi milimani, na ushindi ukawa wa Wapare wote. Lakini nikiitafakari habari hii, swali linalonisumbua ni la baada ya hapo. Wale mama wa Usangi walirudi wakashika jembe katika mashamba yaleyale. Kahawa ilipochumwa, aliyechuma alikuwa mama, na jina kwenye kitabu cha ushirika likawa la baba. Walisikilizwa walipokwenda mamia kwa pamoja kutetea mali ya wanaume. Mmoja mmoja, kwa ajili ya mali yake mwenyewe, hakuna aliyetarajiwa hata kuuliza.

Biblia inao wanawake watano waliouliza. Majina yao hayasomwi mara nyingi kanisani: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na nchi ilikuwa karibu kugawanywa. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 27, walikwenda kwenye mlango wa hema ya kukutania wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Hoja yao ilikuwa fupi: kwa nini jina la baba yetu lifutwe katika ukoo wake kwa sababu tu hakuzaa mwana wa kiume? Tupeni urithi kati ya ndugu za baba yetu. Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na Bwana akasema binti hao wamenena haki. Angalia kwamba sheria ya urithi ilibadilishwa baada ya wanawake kuuliza.

Seminarini mwalimu wetu wa Maandiko alipenda kutukumbusha kwamba habari ya Biblia haiishi pale sura inapoishia. Ukiendelea hadi sura ya 36, wazee wa ukoo wanarudi na pingamizi. Wanasema: hawa binti wakiolewa katika kabila jingine, ardhi yetu itakwenda nao. Nani Upareni hajawahi kulisikia neno hilo? Ni hoja ileile inayotolewa kwenye vikao vyetu, kwamba binti ni wa kuondoka na mjane ni mtu wa kuja, na siku akiolewa tena shamba la babu zetu litalimwa na mgeni. Sitaki kuidharau hoja hiyo. Katika milima ambako shamba ni dogo na makaburi ya mababu yako nyuma ya nyumba, hofu ya ukoo kupoteza ardhi si ya kubuni. Musa pia hakuidharau. Aliweka sharti kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Lakini shamba hakuwanyang'anya. Wazee waliopewa sharti waliondoka nalo, na haki ikabaki kwa binti.

Kisha fungua Yoshua sura ya 17. Miaka imepita, Musa amekufa, nchi imeshaingiwa na inagawanywa. Binti wale wale watano wanalazimika kusimama tena, safari hii mbele ya Eleazari na Yoshua, kuwakumbusha kwamba Bwana alikwisha kuamuru. Ndipo wakapewa. Yaani amri ilikuwepo tangu jangwani, lakini ardhi ilipimwa pale tu walipokuja kuidai kwa mara ya pili.

Na sisi Tanzania tuko mahali fulani kati ya Hesabu 27 na Yoshua 17.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea. Mwezi Aprili Papa Yohane XXIII alitoa waraka wake juu ya amani duniani, Pacem in Terris, na kati ya alama za nyakati alizozitaja ni kwamba wanawake wanazidi kutambua heshima yao na hawakubali tena kufanywa vyombo. Mwaka huohuo serikali yetu changa iliandika rasmi sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Katika tangazo hilo binti aliwekwa daraja la tatu na la mwisho la urithi, na ardhi ya ukoo angeweza kuitumia lakini si kuiuza. Mjane hakupewa fungu, kwa maelezo kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Nia ilikuwa kuweka mila katika maandishi ili mahakama zisiyumbe. Lakini mila ikiwa mdomoni huweza kulegezwa na mzee mwenye busara. Ikishaandikwa, huyo mzee hana nafasi tena.

Sheria nyingine zilikuja polepole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimkataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ikatambua mchango wa kila mmoja katika mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupewa alichokiomba, kwa sababu mahakama ilihesabu fedha alizokwisha kupewa na mumewe. Waliofaidi ni waliomfuata.) Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikuwa na shauri la mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alitaka mauzo yafutwe kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Jaji akasema Katiba yenye haki za binadamu haiwezi kukaa pamoja na mila hiyo, na mauzo yakasimama. Mwaka 1995 Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella, aliuongoza mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing akiwa Katibu Mkuu wake, na Papa Yohane Paulo II akawaandikia wanawake wote barua kabla ya mkutano huo. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7 lazima liwe na wanawake wasiopungua 3.

Kwa hiyo tusiseme sheria haipo. Jambo linaharibikia kwingine, nami nimeketi mahali hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Linaharibikia kwenye viti vya plastiki chini ya mgomba, siku ya kuanua matanga.

Nitaeleza kisa kimoja bila kutaja kijiji. Mume alifariki baada ya ndoa ya miaka 22, akaacha mjane na mabinti watatu. Baada ya Misa na chakula, wazee wa ukoo waliketi kwa kikao. Mjane aliketi chini, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wengine. Msemaji alikuwa shemeji yake, mtu mwema kwa kweli, asiyekunywa, tena anayetoa zaka. Alisema kwa upole: "Mama, wewe ni wetu. Hakuna wa kukufukuza. Utakaa hapa mpaka Mungu atakapokuita. Ila mashamba, kwa kuwa ndugu yetu hakuacha kijana, yatarudi kwa ukoo, sisi tutakuwa tunakuangalia."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Lilionekana neno la huruma, na nadhani aliyelisema aliamini ni huruma. Mjane akanyamaza kitambo, kisha akauliza bila kunyanyua macho: "Shemeji, nashukuru. Naomba kuuliza tu. Masale ya mpaka wa lile shamba la juu, ni nani aliyeyapanda?"

Hakuna aliyejibu. Wote walijua aliyeyapanda ni yeye, mwaka ule mumewe alipokuwa Tanga akitafuta maisha. Wale wa milimani mnaelewa uzito wa sale. Jani hilo ni mpaka, ni msamaha na ni ushahidi. Anayeling'oa usiku anajitafutia laana.

Shauri halikuisha siku hiyo. Lilikwenda kwenye baraza la kijiji, na baada ya miezi mitano mama yule alibaki na nyumba pamoja na shamba la juu, lile la bondeni likachukuliwa na ukoo. Watu kadhaa waliniambia ni ushindi. Mimi nikihesabu naona ni nusu, na nusu hiyo ilipatikana kwa sababu mabinti zake wawili walikuwa wamesoma na walimsindikiza kila kikao.

Ninachokiona katika neno la shemeji yule ni tofauti kati ya kuruhusiwa kukaa na kuwa na mahali pako. Anayeruhusiwa kukaa huishi kwa kumwangalia machoni anayemruhusu. Hawezi kukopa kwenye kikundi kwa kuweka shamba, hawezi kupanda mti wa mbao utakaovunwa baada ya miaka ishirini, na hawezi kumgombeza kijana wa ukoo anayechungia mbuzi kwenye mahindi yake. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi huko Usangi, angalau wana kiwango kilichoandikwa: mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake. Ni kidogo kuliko cha kaka, lakini ni chake na kinahesabika. Sisi Wakristo tuliachia ukoo, kisha tukafungua kikao kwa sala.

Msomaji ataniuliza, padre anaingiliaje mambo ya mashamba? Nimeulizwa hivyo ana kwa ana, tena na mwenyekiti wa kigango. Jibu langu ni Eleazari. Binti za Selofehadi waliposimama mara ya kwanza, kuhani alikuwepo. Waliposimama mara ya pili, kuhani yuleyule alikuwepo, na Maandiko yanamtaja kabla ya Yoshua. Alikuwa shahidi wa kilichosemwa jangwani. Padre anayezika, akala chakula cha msiba na kuondoka kabla kikao hakijaanza, amewaachia wengine kazi ya Eleazari.

Kuna mambo ambayo familia inaweza kuyafanya mume akiwa bado hai na mzima, bila kelele. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Nenda ofisi ya kijiji mkiwa wote wawili. Wosia unaweza kuandikwa mbele ya mashahidi, na mzee wa ukoo akiwa mmoja wao itakuwa vigumu kwake kuukana baadaye. Baba mwenye mabinti awaonyeshe mipaka kwa miguu, kama anavyowaonyesha wavulana. Nimemwona mzee mmoja wa Kilutheri akifanya hivyo na wajukuu zake wa kike, akishika fimbo na kuwatajia majina ya majirani wa kila upande, na wao wakirudia.

Kwa upande wetu, lipo jambo moja la karatasi. Baraza la kijiji au mahakama ikimtaka mjane athibitishe ndoa yake, cheti cha ndoa mara nyingi hakipo, au kimefungiwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mashemeji. Lakini kitabu cha ndoa kipo parokiani, kimeandikwa tarehe, majina yao wawili na ya mashahidi. Kwa hiyo mama akija kuomba nakala, katibu wa parokia ampe siku hiyohiyo, wala asimwambie arudi na mwanaume wa ukoo.